Swichi ya Goma Iko Rutshuru

Kuanzia mwisho wa Oktoba 2022, waasi wa M23 walipoingia Kiwanja na Rutshuru-Centre, hadi mwisho wa Januari 2025, umeme wa Goma ulivuka mstari wa vita usiku na mchana bila kuulizwa kitambulisho. Mtambo wa Matebe, unaofua zaidi ya megawati 13 kwa maji ya mto Rutshuru, ulikuwa katika eneo la waasi. Nyumba, hospitali na mashine za kusaga zilizoutumia umeme huo zilikuwa upande wa serikali. Katikati zilisimama nguzo zinazoshuka kupitia Rumangabo na Kibumba, nchi iliyojaa mahandaki. Zipo siku mapigano yaligusa waya na mji ukaingia gizani. Mafundi wakaenda, wakaunga, taa zikarudi. Zaidi ya miaka miwili ilipita hivyo, na wala haikuwa siri.

Anayesoma miongozo ya kulinda miundombinu muhimu ya miji mikubwa atakuta picha nyingine kabisa: ukuta, seng'enge, kamera, askari getini, na adui anayetaka kulipua. Goma haiingii katika picha hiyo. Mji huu wa Kivu Kaskazini, wenye watu zaidi ya milioni moja, unaishi kwa vitu ambavyo karibu vyote viko nje ya mipaka yake. Umeme unatoka Rutshuru, kaskazini, na Ruzizi, kusini kabisa mwa ziwa. Mafuta, saruji na unga vinaingia kupitia mipaka. Noti zinatoka Kinshasa, ambako hakuna barabara ya maana ya kufikia. Maji yako pale pale, ziwani, lakini hayapandi mlimani bila umeme. Kwa hiyo swali la nani anailinda Goma huanza mbali na Goma, na mahali pazuri pa kuanzia ni Bunagana.

Bunagana ni mji mdogo wa mpakani katika wilaya ya Rutshuru, chini ya vilima vya Runyonyi na Chanzu, ukitazamana na Kisoro ya Uganda. Ukubwa wake haulingani na umuhimu wake. Malori yaliyopakia Mombasa na kupita Kampala huingia Kongo hapo, hulipa ushuru hapo, kisha hushuka kuelekea Goma. M23 waliuteka Julai 2012, wakaushikilia hadi 30 Oktoba 2013, jeshi la Kongo lilipourudisha kwa msaada wa brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 13 Juni 2022 waliuteka tena. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kuingia Kisoro katika miezi hiyo, na baadhi ya askari wa serikali walivuka pamoja nao.

La kuzingatia ni kile ambacho hakikutokea. Hakuna aliyelipua forodha. Geti lilibaki geti, mizani ikabaki mizani. Aliyebadilika ni mwenye kalamu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaoifuatilia Kongo waliripoti kwamba M23 walikuwa wakitoza kodi kwenye bidhaa zinazopita Bunagana. Machi 2023 askari wa Uganda waliingia mji huo wakiwa sehemu ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kikosi hicho kikaondoka Kongo Desemba mwaka huohuo, huku M23 wakiwa bado na nguvu yao eneo hilo. Julai 2025 Uganda ilifungua upya mpaka wa Bunagana, na biashara ikaendelea na mtawala yule yule upande wa pili.

Hapo ndipo hoja nzima ya Kivu ilipo. Mwenye bunduki katika eneo hili mara nyingi hataki kuvunja kitu, anataka kukikalia. Barabara, geti, kivuko, mgodi na mtambo vina faida vikiwa vizima. Ukraine ni kinyume chake: tangu Oktoba 2022 makombora ya Urusi yamekuwa yakilenga vituo vya umeme kwa makusudi ili miji ikose mwanga na joto wakati wa baridi. Huko ulinzi ni mitambo ya kutungua makombora na kuta za zege kuzunguka transfoma. Kuhamishia dawa hiyo Kivu ni kutibu ugonjwa mwingine.

Barabara yenyewe ya Bunagana inaonyesha jinsi mradi wa maendeleo unavyogeuka jambo la kijeshi hata kabla ya lami kumwagwa. Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walizindua huko Mpondwe na Kasindi ujenzi wa barabara tatu za kuunganisha Uganda na mashariki ya Kongo. Mojawapo ilikuwa Bunagana–Rutshuru–Goma, kilomita 89, na mkandarasi alikuwa kampuni ya Uganda, Dott Services. Kwenye karatasi ilikuwa njia ya kupunguza gharama ya gunia la mchele. Kwenye ramani ya Kigali ilionekana njia ya biashara, na ya majeshi ya Uganda, kupita karibu sana na mpaka wa Rwanda. Mwaka mmoja baadaye Bunagana ilianguka na kipande hicho kikakwama. Wachambuzi wanabishana kuhusu uzito wa barabara hiyo katika kurudi kwa M23, na ubishi huo hautaisha leo. Lakini hakuna mhandisi atakayepanga tena barabara Kivu akidhani kwamba anapanga barabara tu.

Vita vilipoingia Goma yenyewe, ule utaratibu wa kimya wa kuvusha umeme ulivunjika. Mapigano ya tarehe 26 hadi 30 Januari 2025 yaliuacha mji bila umeme, bila maji ya bomba na kwa muda bila intaneti. Hayo hayakuwa majanga matatu tofauti. Goma imejengwa juu ya mwamba wa lava. Visima havichimbiki kwa urahisi na hakuna mto unaopita. Maji yote yanapandishwa kwa pampu kutoka Ziwa Kivu hadi kwenye matangi, kisha yanashuka mitaani. Waya ukikatika Kibumba, bomba linakauka mtaa wa Majengo. Bomba likikauka, watoto wanabeba bidoni za njano kwenda ziwani, na maji ya ziwani yanayonywewa bila dawa yana jina moja Goma: kipindupindu.

Jina hilo lina historia. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao laki nane walimiminika Goma katika siku chache, na ndani ya mwezi mmoja karibu watu 50,000 wakafa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ziwa lenye maji yasiyokwisha lilikuwa mbele yao. Kilichokosekana ni pampu, mabomba, klorini na magari ya kusambaza. Ndiyo maana mwaka 2025 wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu walihangaikia dizeli ya jenereta za pampu za Regideso, shirika la maji la serikali, kwa bidii ile ile waliyoihangaikia damu ya majeruhi katika hospitali ya CBCA Ndosho.

Jambo jingine la siku zile halikupewa nafasi kubwa magazetini. Tarehe 28 Januari Msalaba Mwekundu ulieleza wasiwasi wake juu ya maabara ya INRB mjini Goma, taasisi ya utafiti wa tiba, ambayo ilikuwa imehifadhi sampuli za virusi, vikiwemo vya Ebola. Maabara ya namna hiyo inategemea friji, na friji inategemea ule waya unaotoka Rutshuru. Mji uliojenga maabara ili ujilinde na maradhi ulijikuta, kwa kukatika kwa umeme tu, ukiwa na hatari mpya katikati ya nyumba za watu.

Wazanzibari watautambua mnyororo huo. Tarehe 21 Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika na haukurudi kwa karibu mwezi mzima, kwa sababu kisiwa kizima kilining'inia kwenye kebo moja ya chini ya bahari iliyolazwa mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Desemba 2009 ikakatika tena, safari hii hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaoza, hoteli zikaishi kwa jenereta. Hakukuwa na bunduki hata moja katika habari ile. Mwaka 2013 ilizinduliwa kebo mpya ya megawati 100 kwa fedha za Marekani, na hapo ndipo Unguja ilipata njia ya pili. Kenya nayo ilipata somo lake kwa namna ya kuchekesha kidogo: Juni 2016 tumbili alianguka kwenye transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika.

Kwa kipimo hicho Goma haiko vibaya sana, jambo ambalo huwashangaza wageni. Ina Matebe ya Virunga Energies, kampuni ya Hifadhi ya Virunga, iliyozinduliwa Desemba 2015. Ina laini ya SNEL, shirika la umeme la taifa, kutoka mitambo ya Ruzizi karibu na Bukavu. Na tangu 2020 ina mtambo wa jua wa kampuni ya Nuru huko Ndosho, megawati 1.3, ambao hauhitaji ruhusa ya mtu yeyote aliyeko Kibumba. Vyanzo vitatu, wenye mali watatu, pande tatu. Udhaifu uko kwenye uzani: mtambo wa jua ni mdogo, mitambo ya Ruzizi ni ya zamani na inagawanywa na miji mingine, hivyo mzigo umeendelea kuegemea kaskazini. Mradi mkubwa unaofuata wa Virunga, Rwanguba, nao uko Rutshuru. Utaongeza megawati nyingi, lakini utaziongeza upande ule ule wa mji.

Inafaa kuuliza kwa nini Matebe yenyewe ilidumu wakati mengi yalianguka. Haikulindwa na ukuta. Mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi Aprili 2014 kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rumangabo na akanusurika. Hilo linatosha kuonyesha kwamba walinzi wa hifadhi hawana kinga ya ajabu. Jibu lenye nguvu zaidi ni kwamba kila upande uliutumia umeme ule. Rutshuru iliyokuwa chini ya waasi iliutumia, Goma iliyokuwa chini ya serikali iliutumia, na mmiliki hakuwa jeshi la upande wowote. Pili, mafundi waliweza kwenda kwenye nguzo iliyokatika. Fundi mwenye ngazi na ruhusa ya kupita vizuizi ameilinda Goma kuliko kikosi chochote kilichowahi kupiga kambi Munigi.

Sheria ipo, kwa wanaoipenda. Itifaki ya Pili ya Nyongeza kwenye Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inakataza katika vita vya ndani kushambulia au kuharibu vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo, na inataja waziwazi mitambo ya maji ya kunywa. Aprili 2021 Baraza la Usalama lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 2573 lenye mwelekeo huohuo. Maneno ni mazuri. Hayaelezi nani atampa fundi wa SNEL karatasi ya kupita Sake siku ya Jumatatu.

Upo upinzani wa haki dhidi ya mtazamo huu, na hauwezi kufunikwa. Kumruhusu mwasi ayaendeshe mambo kama kawaida ni kumhalalisha. Lori linalopita Bunagana linalipa. Kodi ile inanunua risasi. Kinshasa imeliona hilo kwa macho makali, na ndiyo sababu baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23 benki zilifungwa na mji ukakosa noti. Hakuna jengo la benki lililohitaji kubomolewa. Tawi la Benki Kuu lilifunga, benki za biashara zikafuata, na mwalimu mwenye mshahara kwenye akaunti akalazimika kuvuka hadi Gisenyi kutafuta fedha taslimu. M23 walipofungua upya CADECO, benki ya akiba ya serikali, Aprili 2025, lilikuwa tukio la kisiasa kuliko la kibenki. Serikali inaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kufunga mkondo wa fedha kwa adui. Lakini ikubali pia kwamba siku hiyo imezima muundombinu muhimu wa raia wake kwa mkono wake yenyewe.

Na njia moja ikifungwa, watu hawakai nyumbani. Mapema mwaka 2024 barabara ya Goma kwenda Sake na Minova ilikatwa na mapigano. Mboga, maharage na abiria wakahamia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ya MV Merdi, ikitoka Minova imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukweni, na makumi wakafa. Ripoti ya ajali itataja uzito na uchakavu. Aliyejaza meli ile, hata hivyo, ni barabara iliyofungwa miezi kadhaa kabla.

Yote hayo yanamhusu adui anayeweza kuzungumza. Goma ina mwingine.

Volkano ya Nyiragongo ililipuka Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikaharibu sehemu kubwa ya biashara na kufunika karibu theluthi ya njia ya kurukia ndege. Athari yake haikuishia mwaka ule. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, njia iliyofupishwa ikaisha chini ya magurudumu yake, nayo ikaingia soko la Birere na kuua watu wapatao 40, wengi wao wakiwa chini sokoni. Miaka sita ilikuwa imepita tangu lava ipoe. Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuukarabati uwanja huo mwaka 2015, wa dola milioni 52.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka jioni bila onyo. Lava ikaikata barabara ya Rutshuru, ikaangusha nguzo za umeme, ikaharibu tangi na mabomba ya maji huko Buhene, na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao nusu milioni walikosa maji. Siku tano baadaye, kwa hofu kwamba magma ilikuwa imesogea chini ya mji na ziwa, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe, na mamia ya maelfu wakaondoka kuelekea Sake na Gisenyi.

Kabla ya hapo, fedha za Benki ya Dunia kwa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, zilikuwa zimekwisha mwaka 2020. Kituo kilikaa miezi bila intaneti ya kupokea taarifa za vipimo vyake mlimani. Betri na paneli za vituo vya mbali zilikuwa zikiibwa. Hakuna anayeweza kudai kwamba vipimo kamili vingeuona mlipuko ule. Nyiragongo haitoi ishara nyingi. Lakini katika mji wenye uwanja wa ndege wa mamilioni ya dola uliojengwa upya juu ya njia ya lava, kukata vocha ya intaneti ya wanaoitazama lava ni akiba ya ajabu.

Chini ya ziwa kuna jambo ambalo hakuna seng'enge inayoligusa: takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zimeyeyuka kwenye maji ya kina. Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno kulinganisha na Kivu, lilitoa gesi usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700. Wakazi wa pembezoni mwa Goma wanaijua hewa hiyo kwa kiwango kidogo, kwenye mazuku, mabonde ambamo hujikusanya na kuua mbuzi na wakati mwingine watoto. Rwanda imegeuza sehemu ya tatizo kuwa umeme kupitia KivuWatt huko Karongi, megawati 26. Upande wa Kongo kazi kubwa ya kutoa gesi, hasa Ghuba ya Kabuno, imebaki nyuma. Ziwa ni moja, na mzigo wa usalama wake unabebwa na nchi mbili zisizoaminiana.

Uwanja wa ndege ndio unaoonyesha vizuri zaidi pale mambo yalipokwama. M23 waliuchukua 28 Januari 2025, ukiwa na mabomu yasiyolipuka na mnara ulioharibiwa, na ndege za misaada hazikurudi. Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris, rais Macron alitangaza kwamba ungefunguliwa kwa ajili ya misaada. M23 wakajibu kwamba hawakushirikishwa. Ili ndege moja itue pale lazima kwanza mabomu yaondolewe na taa za njia ziwake, kwa umeme unaotoka Rutshuru. Kisha anahitajika mwongozaji wa ndege anayetambuliwa na mamlaka ya anga ya Kinshasa, akae kwenye mnara ulio mikononi mwa watu ambao Kinshasa inawaita magaidi. Hayo ni mazungumzo ya kiufundi yanayohitaji saini za kisiasa, na saini hizo hazikupatikana Paris. Wakati zinasubiriwa, dawa za Goma hushushwa Kigali, hupakiwa kwenye malori na kuingia kupitia Gisenyi.